Mpango wa mwaka ujao: kila tumaini lipewe bei

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu mtendaji wa shirika dogo wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Tunafanya kazi katika shule 14, za msingi 11 na za sekondari 3. Tuna klabu za wasichana, tunashona taulo za kike za kufua, na tunawafuatilia wanafunzi walioacha shule. Waajiriwa tuko wanne. Mradi mmoja tuliokuwa tukiutekeleza chini ya shirika kubwa ulisimama ghafla Januari 2025 na haukurudi tena. Kwa mwaka ujao tuna mkataba mmoja tu uliosainiwa, wa dola 20,000. Benki tuna akiba ya shilingi milioni 9, na faida ya taulo tunazouza kwa mwaka ni kama milioni 3.6. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu na mzee anayeheshimika sana, ameandaa rasimu ya mpango yenye bajeti ya milioni 310: bweni, gari, kuongeza shule hadi 25 na kufungua ofisi Gairo. Anasema shirika lisilo na ndoto kubwa halipati mfadhili. Mwaka huu tulijiwekea malengo 14, tumetimiza matano, na mfadhili ameanza kuuliza maswali. Bodi inakaa mwezi ujao. Niandike mpango wa namna gani ambao hautawavunja moyo watu wetu, na wala hautatuaibisha ikifika Desemba? Na je, mfadhili tumwonyeshe hayo matumaini au tumfiche?

JIBU

Marahaba, dada. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, la hesabu na la mzee mwenyekiti. Naanza na la hesabu, kwa sababu ukiingia kwenye kikao mikono mitupu mtaishia kubishana kuhusu nani ana imani na nani hana, na katika mabishano ya aina hiyo wewe uliye mdogo kwa umri utashindwa hata kama una haki.

Msimamo wangu ni kwamba mpango wa mwaka uandikwe kwa fedha iliyokwisha kusainiwa na kwa watu walio kazini leo. Matumaini nayo yaandikwe, tena bila kuona haya, lakini yakae kwenye kurasa zake, na kila moja liwe na bei, sharti na tarehe ya mwisho. Mkiyachanganya na kazi za uhakika, kila ambacho hakikufanyika kinahesabiwa kuwa mmeshindwa. Nadhani ndivyo mlivyofika matano kati ya 14. Kwa nilivyosoma orodha uliyoambatisha, hamkuzembea. Malengo mengi kati ya yale tisa yaliyobaki hayakuwa na hela tangu siku yalipoandikwa, ila kwenye karatasi yamepangwa mstari mmoja na yale yaliyokuwa nayo, na msomaji wa nje hana namna ya kujua tofauti.

Basi tugawe fedha mafungu matatu. Kuna iliyosainiwa, kuna iliyoahidiwa kwa mdomo au kwa barua pepe ya heri, na kuna ile mnayoitarajia tu kwa sababu mmepeleka andiko la kuomba fedha mahali. Mpango kazi unagusa fungu la kwanza peke yake. Kwenu fungu hilo ni dola 20,000 na faida ya taulo, ambayo nakubali kuihesabu kwa kuwa ni biashara mnayoifanya tayari na mnajua mwezi gani inauza na mwezi gani inalala.

Sasa hizo dola. Rasimu ya mzee imezibadilisha kwa shilingi 2,700 kwa dola, ikapata milioni 54. Kiwango hicho hakijatoka hewani, kwani mwaka 2024 dola ilikaribia kabisa hapo. Lakini kufika Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Mashirika yaliyokuwa yamepanga kwa bei ya juu yalipokea dola zilezile na shilingi pungufu, huku kodi ya pango na mishahara vikiwa palepale. Andika 2,400. Mnapata milioni 48. Dola ikipanda, ziada hiyo itakuwa habari njema ya kupeleka kwenye bodi, na ikishuka hamtakuwa mmeajiri mtu wa kumfukuza. Tofauti ya viwango hivyo viwili ni milioni 6, na baadaye utaona kuwa kwenu hiyo ni karibu gharama ya shule 10.

Twende kwenye matumizi, nikitumia mishahara uliyonitumia: mratibu 900,000, mhasibu 650,000, na maafisa wawili wa jamii 500,000 kila mmoja. Jumla kwa mwezi ni 2,550,000. Hapo rasimu imeishia. Haikuweka mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ambao ni 255,000, wala ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nusu asilimia, yaani 12,750. Tozo ya ujuzi haiwagusi, maana ni ya waajiri wenye watu kumi na kuendelea. Kwa hiyo mwezi mmoja wa watu wanne unawagharimu 2,817,750, na mwaka mzima 33,813,000. Nasisitiza michango hii kwa kuwa mashirika madogo hupenda kuisahau mradi unapobana, wakisema watalipa mfadhili akileta. Deni la NSSF halizeeki. Linaongezeka kwa adhabu, na siku mfanyakazi anapofuata mafao yake ndipo bodi nzima inapojua.

Ongeza pango la ofisi 1,800,000, umeme, vifurushi vya intaneti na shajala 1,200,000, pikipiki mbili kwa mafuta na matengenezo 3,000,000, ukaguzi wa hesabu 2,500,000, vikao vinne vya bodi 1,200,000, ada ya mwaka na safari za nyaraka 300,000. Ukijumlisha na mishahara unapata 43,813,000. Mapato yenu ya uhakika ni milioni 48 na milioni 3.6, yaani 51,600,000. Kinachobaki kwa ajili ya shule zote ni 7,787,000.

Najua mzee atakachosema akiliona fungu hilo: kwamba shirika linakula hela lenyewe. Usikubali hoja hiyo ipite hivihivi. Afisa wa jamii anayetoka asubuhi na pikipiki, akakaa na mwalimu mlezi, akaenda nyumbani kwa mtoto ambaye hajaonekana darasani wiki tatu, akazungumza na bibi yake, huyo ndiye mradi wenyewe. Mshahara wake na mafuta yake si gharama za ofisi. Katika mchanganuo utenganishe: maafisa wawili na pikipiki ziingie kwenye kazi za shuleni, na mhasibu, pango, ukaguzi na bodi vibaki kwenye uendeshaji. Mratibu mgawe nusu kwa nusu, kama ndivyo anavyofanya kazi kweli. Hapo picha inabadilika bila kudanganya mtu. Linalodanganya ni kuweka posho za semina kwenye fungu la "kujenga uwezo" na kumweka afisa wa kijijini kwenye fungu la "utawala". Nimeona bajeti nyingi za namna hiyo, na wakaguzi nao wameziona.

Kwa shule moja, hesabu yako inaonyesha pakiti 60 za taulo kwa gharama ya 4,000 ya vitambaa na uzi, jumla 240,000. Mawasiliano na nauli ya mwalimu mlezi ni 20,000 kwa miezi kumi, yaani 200,000. Mkutano wa wazazi mara moja kwa mwaka ni 150,000. Jumla 590,000. Shule 14 zinataka 8,260,000. Hamnazo. Shule 12 zinataka 7,080,000, na mnabaki na laki saba za dharura. Kwa hiyo mpango wa mwaka ujao ni wa shule 12.

Ukilisoma hilo kwenye kikao kutakuwa na ukimya, kwa sababu shirika lililokuwa likizungumzia shule 25 linasikia 12. Ndiyo maana nataka uwe na karatasi ya pili mkononi, ile ya matumaini. Lakini kabla ya kufika huko kuna jambo la akiba, na hapa ndipo mashirika mengi yanapozama huku vitabu vyao vikionyesha yapo salama.

Mkataba wenu unasema asilimia 50 italipwa mwanzoni, 40 mwezi wa nane, na 10 baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa. Ile 10 ya mwisho, milioni 4.8, mtaitumia mwaka ujao na kuipokea mwaka unaofuata. Ndani ya mwaka wenyewe mfadhili atawapa milioni 43.2, ukiongeza taulo 3.6 ni milioni 46.8. Matumizi yenu ni 43,813,000 na 7,080,000, jumla 50,893,000. Pengo la milioni 4 na ushee linazibwa na akiba. Tena awamu ya kwanza mara nyingi haifiki Januari. Inafika Februari inapoisha, pengine Machi, na mishahara haisubiri. Miezi miwili ya kwanza bila hela ya mfadhili inameza zaidi ya milioni 7. Milioni zenu 9 zinatosha kuvuka hapo, lakini kwa shida. Kwa hiyo akiba ina kazi tayari, hata kama haijaandikwa popote. Rasimu imetoa milioni 6 humo kulipia kianzio cha gari. Gari hilo likinunuliwa, Februari maafisa wenu wanakaa bila mshahara.

Chora jedwali la miezi 12, ukurasa mmoja: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki benki mwisho wa mwezi. Mhasibu wako atalimaliza kwa siku moja. Ukitaka ukurasa mmoja tu wa kumshawishi mtu asiyependa hesabu, ni huo, kwa sababu anaona kwa macho yake mwezi ambao hela inaisha. Na bodi ipitishe azimio la maandishi kwamba akiba haiguswi ila kwa kuziba pengo la awamu, na irudishwe awamu ikiingia. Kuna sababu nyingine ya kuilinda. Shirika likilazimika kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mtu aliomaliza kazini, hadi miaka 10. Mashirika yaliyoamriwa kusimamisha kazi mwanzoni mwa 2025 yalijikuta yanadaiwa haki hizo na wafanyakazi wao huku akaunti zikiwa tupu.

Sasa karatasi ya matumaini. Tumaini la kwanza lisiwe bweni. Liwe zile shule mbili mlizolazimika kuziacha. Bei yake ni 1,180,000. Sharti ni fedha hiyo kuwa benki. Tarehe ya mwisho ni katikati ya Januari, shule zinapofunguliwa, au mwanzo wa muhula wa pili mwezi wa saba kwa nusu ya gharama. Hili unaweza kumpelekea mtu yeyote: mfanyabiashara wa mazao wa Kilosa mjini, kanisa, msikiti, chama cha akiba na mikopo, mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo aliyeko Dar es Salaam mwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza pamoja. Laki tano na tisini kwa shule moja kwa mwaka ni ombi linaloeleweka. Mtu anajua akitoa ametoa nini. Milioni 310 haieleweki kwa mtu wa kawaida, na mfadhili mkubwa naye akiiona kwenye shirika la waajiriwa wanne anauliza nani ataisimamia.

Bweni ni jambo kubwa na la kweli. Mtoto anayetembea kilomita nyingi kwenda sekondari ya kata yuko hatarini kila siku, na mzee akiwa mwalimu mstaafu anajua kuliko mimi. Lakini bweni mkilijenga litakuwa la shule, na shule ni ya serikali. Litahitaji kiwanja, ramani, mlezi wa kike, maji, chakula, ulinzi. Mkijenga bila halmashauri kuliweka kwenye mipango yake, mtaacha kuta. Kwa hiyo tumaini hili libadilishwe kutoka "tutajenga" kuwa "tutalifikisha kwenye bajeti ya halmashauri". Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, Bunge la bajeti linakaa Aprili hadi Juni, na halmashauri zinakuwa zimeshapitisha mapendekezo yao miezi kadhaa kabla. Anayetaka jambo liingie anaanza chini: mkutano wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani alibebe kwenye Baraza. Gharama kwenu ni nauli, vikao na karatasi yenye majina ya vijiji na umbali wanaotembea watoto. Mzee mwenyekiti ndiye mtu wa kazi hiyo. Nitarudi kwake.

Kuhusu gari nitakuwa mfupi. Shule 12 na maafisa wawili zinafikiwa kwa pikipiki. Gari lina bima, matairi, dereva na fundi, na kila mradi ukiisha linabaki linadai. Liondoeni.

Gairo vivyo hivyo kwa mwaka ujao. Najua Gairo ilikuwa sehemu ya Kilosa na mnawafahamu watu wa huko, ila ofisi ya pili kabla ya ya kwanza kuwa na fedha ya miaka miwili mbele ni kujigawa. Iwekeni kwenye mpango mkakati wa miaka mitano kama mnao.

Kuna tumaini moja ambalo rasimu haikuligusa na mimi nalipenda kuliko mengine yote: cherehani. Taulo zinawaingizia milioni 3.6 bila kuandika andiko hata moja. Wanaoshona ni kina mama wa vijiji vya jirani, mnawalipa kwa pakiti. Wakijiunga na kusajili kikundi wanaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Angalia, mkopaji ni kikundi, si shirika lenu, na msithubutu kuwatumia kina mama kama mlango wa kupitishia hela zenu. Wao wapate mashine, nyinyi mnunue kwao kwa bei ya makubaliano. Bei ya tumaini hili ni muda wa mratibu na pengine laki tatu za mafunzo ya vitabu vya kikundi. Tahadhari moja: msipige hesabu za soko mkitegemea kodi. VAT ya taulo za kike iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, na serikali ilisema bei madukani haikuwa imeshuka. Taulo yenu inauzika kwa kuwa inafuliwa na kudumu, basi jengeni biashara juu ya hilo.

Nije kwenye malengo. Mwaka huu mlikuwa na 14, na mengi yanaanza na "kuhamasisha", "kuimarisha", "kujenga uelewa". Hayapimiki, kwa hiyo hata mliyoyafanya hamwezi kuyathibitisha. Wekeni manne. Nakupa moja kwa ukaribu ili uone ninachomaanisha. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Na. 2 unaoruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika mfumo rasmi. Waraka upo, lakini binti wa kijijini mwenye mtoto wa miezi minane hausomi, na mara nyingine hata mkuu wa shule hana uhakika wa utaratibu. Hapo ndipo maafisa wenu wana kazi isiyofanywa na mwingine yeyote. Lengo lisomeke hivi: katika shule 12, tutatafuta kila msichana aliyeacha shule katika miaka miwili iliyopita, tutazungumza naye na mlezi wake, na kufikia Novemba tutajua wangapi wamerudi, wangapi wamekwenda kwenye mafunzo ya ufundi, na wangapi wamekataa na kwa nini. Kipimo ni daftari la mahudhurio la shule lenyewe, halihitaji mshauri wa kulipwa. Majina yabaki kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Kwenye taarifa ziende idadi tu. Picha ya binti na mtoto wake mgongoni haiendi kwa mfadhili hata akiiomba.

Usiandike "wasichana 100 watarudi shuleni" kama hujui waliotoka ni wangapi. Robo ya kwanza iwe ya kuhesabu. Lengo la idadi liwekwe Aprili, na bodi iambiwe mapema kuwa itawekwa Aprili. Hakuna mfadhili mwenye akili atakayekasirika kwa hilo.

Ratiba iende na Kilosa yenyewe. Shule za mbali zitembelewe Januari na Februari, maana masika ikishika Machi hadi Mei mnaijua hali ya barabara zenu na ya mto Mkondoa. Juni kuna likizo. Septemba darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, Novemba ni kidato cha nne, na miezi hiyo walimu hawataki klabu. Ukiondoa vipindi hivyo utagundua mwaka wa kazi wa shuleni hauzidi miezi saba. Rasimu imegawa shughuli sawasawa kwa miezi 12, hadi Desemba ina mikutano ya klabu wakati watoto wako nyumbani wanapalilia.

Mambo ya sheria myaweke humohumo kwenye ratiba, yasibaki kichwani mwa mtu mmoja: taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na ada ya mwaka. Mkataba wenu unazidi milioni 20, na kanuni za 2018 zilitaka mikataba ya kiwango hicho ifikishwe kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa, na fedha zitangazwe hadharani. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, uhakikishe utaratibu unaotumika sasa na kwamba wa kwenu umekamilika. Ukiwa hapo mwachie nakala ya mpango. Na kama mlikuwa mnadhani shirika la hisani halihusiki na TRA, mamlaka ya mapato, ondoeni dhana hiyo. Msamaha huombwa, hauji wenyewe na cheti cha usajili, na kodi ya mishahara ya wafanyakazi mnaikata na kuipeleka kila mwezi vyovyote iwavyo.

Sasa mzee. Anaposema shirika lisilo na ndoto kubwa halipati mfadhili, anazungumza kwa uzoefu wa miaka ambayo fedha zilikuwa nyingi na aliyeomba kikubwa alipewa nusu. Mambo yamebadilika. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na kufika 1 Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa kama shirika. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Mashirika makubwa yaliyokuwa yakiishi kwa fedha hizo sasa yanagonga milango ileile midogo mliyokuwa mkigonga peke yenu. Kwa ninavyowaona, waliobaki na hela wanatafuta mtu anayemaliza alichosema atafanya.

Lakini haya usimwambie mbele ya kikao. Nenda nyumbani kwake kabla, peke yako au na mhasibu, umsalimie, umpe lile jedwali la miezi 12 na umwache alisome kwa utulivu. Usiende na rasimu mpya iliyokamilika, nenda na hesabu na umwombe ushauri. Mwalimu mkuu mstaafu amesimamia shule kwa fedha kidogo kuliko mnazoziongelea, anaelewa mwezi usio na hela ukoje. Kisha mwombe aongoze jambo la bweni: aende kata kwa kata, akae na madiwani ambao baadhi yao pengine aliwafundisha. Ndoto yake inabaki, ina jina lake, na ina kazi ya kufanywa kuanzia wiki hiyohiyo. Akikataa kabisa, basi kikaoni soma tarakimu bila kuongeza neno, na umwombe mweka hazina wa bodi aseme akiba itafika lini sifuri. Hilo liwe kwenye muhtasari.

Umeuliza kama mfadhili aonyeshwe matumaini. Aonyeshwe, ila baada ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni mwaka huu: malengo 14, matano yametimia, tisa hayakutimia, na mbele ya kila moja kati ya hayo tisa sentensi moja ya sababu. "Halikuwa na fedha" ni sababu halali kama ni kweli. "Afisa aliondoka Juni na hatukumbadilisha hadi Septemba" ni sababu halali pia. Usiandike "changamoto zilizokuwa nje ya uwezo wetu" mara tisa. Ukurasa wa pili ni mpango wa shule 12 na malengo manne. Wa tatu ni matumaini kwa mpangilio wa bei: shule mbili 1,180,000, kina mama wa cherehani laki tatu, bweni kupitia halmashauri. Mtumie kabla hajauliza tena, na umpigie simu siku mbili baadaye. Akisema ana salio dogo la mwaka linalotakiwa kutumika kabla vitabu vyake havijafungwa, na hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani, mwonyeshe mstari wa kwanza wa ukurasa wa tatu.